Binti wa marehemu dada yangu kawa wa kwanza, mume wangu hataki apongezwe

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Naandika nikiwa jikoni, mlango nimeurudishia, maana sitaki mtu wa humu ndani aone. Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Morogoro mjini. Asubuhi nauza vitumbua na chai kibarazani, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Tuna mtoto mmoja wa kuzaa, wa kiume, miaka 12. Mwaka wa nne sasa tunaishi pia na binti wa dada yangu. Dada alifariki, na baba wa mtoto hajulikani alipo. Binti naye ana miaka 12, wamepishana miezi mitano tu. Wote wako darasa la sita, shule moja, mkondo mmoja, wanatoka pamoja na kurudi pamoja.

Juzi matokeo ya kufunga mwaka yametoka. Binti kawa wa kwanza darasa la sita zima, mikondo yote miwili, watoto 118. Kapata 271 kati ya 300. Mwanangu kapata 98, kawa wa 103.

Aliyeleta habari nyumbani ni mwanangu. Alikuja mbio kamwacha mwenzake njiani, begi linampiga mgongoni, kelele kaanza kuzipiga tangu kwa jirani: "Mama! Dada wa kwanza! Mama, dada wa kwanza darasa zima!" Nikapiga vigelegele na unga wangu mkononi. Baba yake alikuwa amerudi kula, akamuuliza, "Na wewe wa ngapi?" Mtoto akanyamaza. Akatoa ripoti. Baba yake akaisoma, akaikunja mara nne, akamrudishia. Akasema, "Sasa unashangilia nini?"

Binti alikuwa ameshafika mlangoni, kasikia yote. Hakuingia. Alizunguka nyuma akaanza kuosha vyombo na sare yake ya shule mwilini.

Usiku nikamwambia mume wangu, nina elfu arobaini yangu ya vitumbua, ninunue kuku, nipike pilau, tuite majirani wawili tumpongeze mtoto. Akajibu: "Nipike pilau nimpongeze mtoto wa marehemu, wangu ananitia aibu? Mtaa mzima utanicheka." Mwalimu, mume wangu si mtu mbaya. Sare za hawa watoto hununua siku moja, viatu aina moja. Binti hajawahi kulala njaa wala kukosa daftari. Ila suala la shule linamchoma. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba mwaka 1996, hakuchaguliwa, na mpaka leo hapendi kuliongelea. Sasa kampiga mwanangu marufuku kukanyaga karakana mpaka aingie hamsini bora. Na mtoto kwa kweli kazi yake ni bisibisi na nyaya tu, juzi kanitengenezea taa ya jikoni kwa betri ya simu mbovu. Mimi naona TV ndiyo inayomharibu zaidi, akirudi anaisogelea na kusimama mbele yake kabisa mpaka tunamfokea atoke tuone na sisi.

Ijumaa shule inafungwa, wazazi tumeitwa. Binti atapewa cheti na zawadi mbele ya diwani. Mume wangu kasema asiende mtu, hataki nikakae pale watu wakininong'ona kwamba wa kulea ndiye mwenye akili. Mjomba wao aliyeko Dar naye kapiga simu, anataka picha ya ripoti ya binti aiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kisha atume hela ya keki.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Usiku uleule nilikuwa naloweka mchele wa vitumbua. Binti akanifuata, akachuchumaa karibu na ndoo, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, darasa la saba nikikosea kosea kidogo si itakuwa vizuri?" Nilikosa la kusema. Nikamwambia akalale.

Nifanye nini, Mwalimu? Nimpongeze mmoja mwingine aumie, au ninyamaze tulale salama? Nimekuambatishia ripoti zao zote, za Juni na za sasa, majina nimeyafuta.

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la haraka, maana Ijumaa haingoji: nenda. Vaa kitenge chako kizuri, fika kabla ya mgeni rasmi (wageni rasmi wetu huchelewa, nafasi ya mbele utaipata), na jina la binti likiitwa simama upige vigelegele mpaka diwani ageuke. Kijana aende na wewe, akae pembeni yako. Na mumeo zungumza naye kabla, nitakwambia la kusema. Ila hata mazungumzo yakigoma, nenda. Usitoroke wala usinune. Muage: "Baba Fulani, naenda kumsimamia mtoto, chakula kiko jikoni." Basi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye ile ndoo ya mchele. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Nimeona watoto wanaokosea kwa sababu hawajui, wanaokosea kwa uvivu, wanaokosea kwa njaa. Anayepanga kukosea kwa adabu nimemwona mara chache, na kila mara alikuwa mtoto anayeishi kwa watu. Binti amekaa akaipigia hesabu nyumba yenu, akaona kodi yake ya kukaa humo ni kushindwa kidogo. Na anaweza kuilipa, usidhani ni maneno. Septemba ijayo atakalia mtihani wa taifa, siku mbili, masomo sita, kila somo alama 50. Kuacha maswali kumi bila kujibu hakuhitaji akili nyingi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu kacheza, tena kacheza kweli, 271. Asipotunzwa hatasema "wamesahau" au "hawana hela." Atasema, kumbe hapa si kwetu. Miaka minne ya sare na viatu aina moja haitamjibu, kwa sababu sare hupewa hata mtoto wa jirani akipata shida. Vigelegele humpigii mtoto wa jirani.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa mrudie, pale pale ulipomwacha. Subiri usiku, loweka mchele wako, mwite akusaidie kuchambua. Mikono ikiwa na kazi maneno hutoka vizuri. Mwambie: ulipouliza nilishtuka, ndiyo maana sikukujibu. Jibu ni hapana. Usikosee hata nukta kwa ajili yetu, wakubwa tukinuna ni shida ya wakubwa. Kisha mwambie kitu kuhusu mama yake, kitu unachokijua wewe tu, alivyokuwa shuleni, alivyocheka, alivyokuwa akikuandikia barua zako, chochote. Mtoto aliyefiwa akifaulu kuna mtu mmoja anayemtafuta kwenye umati, na mtu huyo hayupo. Wewe ndiye uliyebaki unayefanana naye. Akilia mwache alie, mchele hautaharibika.

Sasa kijana, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza nataka uone alichofanya. Kakimbia kutoka shuleni na 98 yake begini, akitangaza mtaa mzima ushindi wa mwenzake. Wivu hakuwa nao. Wivu amefundishwa ndani ya dakika moja, kwa maneno matatu. Wewe unaniuliza kama binti akipongezwa kijana ataumia. Kijana alikuwa tayari anampongeza! Kilichomuumiza ni kuambiwa kwamba furaha yake ilikuwa ujinga. Na angalia alivyomwita: dada. Katika Kiswahili chetu watoto wa mwanamke na dada yake ni ndugu, hatuwaiti hata binamu. Kijana analijua hilo bila kufundishwa. Mnaoyumba ni ninyi wakubwa, wenye "mtoto wa marehemu" na "wa kulea."

Pili, ripoti. Ahsante kwa kuziambatisha, sijui kama mliziweka pamoja mkazilinganisha. Juni kijana alipata 74, akawa wa 101. Sasa kapata 98, kawa wa 103. Isome tena taratibu. Kapanda alama 24, kashuka nafasi mbili. Mumeo ameisoma namba ya chini kabisa ya karatasi, ile ya nafasi, na namba hiyo haimhusu sana mtoto wenu, inahusu watoto wengine 117 walichofanya. Nilikuwa naziandika mwenyewe hizo nafasi kwa kalamu nyekundu, najua zinavyopatikana: unapanga karatasi mezani, alama moja inatenganisha watoto saba, unakuna kichwa, unaandika.

Ukiingia ndani zaidi kuna jambo. Hisabati kapata 9, Juni ilikuwa 8. English 8, ilikuwa 7. Uraia na Maadili 12 kutoka 10, Maarifa ya Jamii 17 kutoka 14, Kiswahili 21 kutoka 17. Yote yanatambaa. Halafu Sayansi na Teknolojia: 31, kutoka 18. Hiyo ni B. Mtoto mnayemwita mzito ana B ya sayansi. Hakuna aliyeiona kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inatazama 103.

Nimejiuliza, inawezekanaje mtu akapata 31 hapa na 9 pale? Sitajifanya mganga wa kupiga ramli kwa barua. Lakini umeandika kitu bila kujua umekiandika. Umesema TV anaisogelea na kusimama mbele yake kabisa mpaka mnamfokea. Mwanangu, mpeleke akapimwe macho.

Hisabati ni somo la ubaoni. Mwalimu mwenye watoto 59 darasani anaandika mfano, anafuta, anaandika mwingine, hana muda wa kuusoma kila mstari kwa sauti. English nayo, herufi zake huwezi kuzibahatisha kama za Kiswahili, ambacho ukiona nusu ya neno nusu nyingine unajimalizia. Sayansi mwalimu mzuri anaisimulia, analeta mche wa maharage kwenye kopo, anawapa mshike. Asiyeona ubao ataponea pale. Muulize anakaa dawati la wapi. Halafu fanya hivi leo: msimamishe mwisho wa chumba, mzibe jicho moja, mwambie akusomee tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Badilisha jicho. Halafu usome wewe, ulinganishe. Hata akisoma yote, bado hospitali mpeleke, katika kitengo cha macho, mkaambiwe na mwenye vifaa. Ikiwa si macho, mtakuwa mmeondoa jambo moja. Ikiwa ni macho, ana Januari mpaka Septemba kabla ya mtihani, na miwani haifanyi kazi kwa mafungu, siku ya kwanza tu anaona ubao.

Na karakana afunguliwe. Nimecheka kwa uchungu niliposoma hiyo adhabu. Mtoto kafanya vizuri kwenye somo moja tu, na somo hilo ndilo linalohusu umeme na vyuma, kisha anafungiwa mahali pekee anapoushika umeme na vyuma. Wala sisemi ni injinia, watu wakiona mtoto ana bisibisi hukimbilia kusema injinia. Nasema pale ndipo anapojifunza kitu kwa macho yake kwa sababu kiko karibu na uso wake. (Na mumeo ampe miwani ya kuchomelea, tafadhali. Macho hayo tunayoyazungumzia ndiyo hayohayo.)

Usimpe zawadi ya kufariji. Usimnunulie naye keki ndogo, usimwambie "na wewe ni mshindi." Ana miaka 12, anajua kuhesabu mpaka 103. Mwambie alichofanya: umepanda alama 24, sayansi umepata 31, na tulikuwa hatujaiona, tumekosea. Neno "tumekosea" kutoka kwa mzazi lina uzito, atalikumbuka akiwa na watoto wake.

Usidhani nakusema wewe na mumeo kutoka juu ya mti. Mimi kwa miaka 14 nilikuwa nasoma matokeo mstarini, siku ya kufunga, darasa zima, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Watatu wa mwanzo walitoka mbele wakapewa daftari kubwa na kalamu, wakapigiwa makofi ya kilo. Nikiendelea kushuka makofi yalikuwa yanapungua, na nikifika arobaini vicheko vinaanza. Kulikuwa na mtoto mmoja, yatima pia kwa bahati mbaya, niliweza kujua amejikadiria vipi kwa kumwangalia: mapema kabisa, nikiwa bado kwenye ishirini, anaanza kurudi nyuma hatua moja moja kuuelekea mwembe. Jina lake likifika yuko nyuma ya shina, unaona kiwiko tu. Mwaka mmoja nikafika kwenye jina lake na hata kiwiko hakikuwepo. Januari hakurudi shule.

Tangu mwaka uliofuata niliacha kusoma orodha. Lakini sikuacha kutoa zawadi, na hapo ndipo tunapokubaliana wewe na mimi, nadhani. Nilibakiza wa kwanza mpaka wa tatu, nikaongeza mmoja aliyepanda alama nyingi kuliko wote. Kila mwaka huyo wa nne alikuwa ndiye anayebebwa juu juu na wenzake. Watoto wanajua nani kahangaika.

Serikali nayo imelizunguka jambo hilihili. Miaka yote tulizoea matokeo ya taifa yakitoka majina kumi bora yanasomwa, shule kumi bora zinasomwa, kesho yake picha magazetini. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne cha 2022, orodha hizo hazikusomwa tena. Kenya walikuwa wameshazuia kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka 2014, wakabishana juu yake miaka mingi. Mimi siku ile nilishangilia nusu. Kupima shule ya bweni yenye maabara na sekondari ya kata yenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa mizani moja lilikuwa jambo la ovyo, likiondoka liende. Nusu nyingine ya moyo wangu ilimfikiria mtoto mmoja wa kijijini, asiye na mtu, ambaye jina lake kusomwa redioni lingekuwa ndiyo sherehe pekee atakayoipata maishani. Ukizima taa ili asiyeng'aa asione aibu, anayeng'aa naye yuko gizani. Mumeo anataka kuzima taa, kwa hofu ileile ya baraza. Tofauti ni kwamba baraza lina watahiniwa wengi mno wa kuwajua mmoja mmoja. Yeye ana wawili.

Tuje kwake basi. Umeniandikia mwaka 1996 kana kwamba umeuchomeka tu, kumbe barua yote iko pale. Kabla ya sekondari za kata kutapakaa, na zilitapakaa baada ya mpango wa sekondari wa 2004, darasa la saba lilikuwa mlango mwembamba sana. Shule nzima walichaguliwa wawili, watatu, mwaka mwingine hakuna. Majina yalibandikwa ubaoni, na wavulana wa miaka 14 wakarudi nyumbani wakaambiwa basi, umeshindwa. Hawakushindwa, nafasi hazikuwepo. Nani aliyewaeleza? Mumeo alisimama mbele ya ubao ule. Juzi alipoisoma 103 sidhani kama alikuwa anaisoma ya mwanawe.

Usimwambie haya kama ninavyokwambia mimi, atadhani umemshtaki kwa watu. Tafuta saa ambayo watoto wamelala na yeye ameshakula. Muulize swali moja: "Siku majina yalipobandikwa na lako halikuwepo, nani alikwambia nini ulipofika nyumbani?" Halafu nyamaza. Ukimya ukirefuka uache urefuke. Akijibu, msikilize mpaka mwisho, usimalizie na "sasa unaona na wewe unavyofanya." Ataona. Asipojibu usiku huo, atakuwa analijibu kimoyomoyo huku anachomelea. Kesho yake mpe ripoti mbili, ya Juni na ya sasa, mwonyeshe kwa kidole 18 na 31. Fundi anaelewa vipimo.

Kuhusu watu kukunong'oneza: watanong'ona. Kuna watakaosema wa kulea ndiye mwenye akili. Kuna watakaosema, na hawa ni wengi kuliko mnavyofikiri, yule mama kamlea yatima mpaka kawa wa kwanza, mpeni kiti akae. Heshima hiyo mumeo anaitupa mwenyewe.

Mjomba mjibu kwa upole: hela ya keki karibu, ila igeuzwe iwe madaftari na sare ya darasa la saba, ya wote wawili. Elimu bila ada ilianza 2016 lakini mwaka mpya unajua mwenyewe unavyokuja na mikono mitupu. Picha ya ripoti hapana. Leo ukoo utaweka vidole gumba na maua, kesho shangazi mmoja atauliza "na yule mwingine je?" na kundi zima litasubiri jibu. Mtumie picha ya watoto wote wawili siku ya Ijumaa, binti na cheti chake.

Mimi ni mtu wa maneno, nisamehe, nina neno moja la pembeni. Hafla na mahafali ni mzizi mmoja wa Kiarabu, na maana yake ni kukusanyika tu. Huku kwetu pwani mtoto akihitimu msahafu wali hupikwa, na wanaokula ni pamoja na wale ambao bado wako alifu na bee, tena hao ndio wanaokula sana. Sijawahi kuona aliyekataa sahani kwa sababu hajafika juzuu ya thelathini.

Kwa hiyo pilau ipike, Jumapili, kwa ajili ya wanne wa nyumba hiyo, majirani waache mpaka siku nyingine. Elfu arobaini inatosha kuku, mchele, na chenji ya nauli ya hospitali. Kabla ya kupakua sema kwa sauti kwa nini leo kuna kuku: "Kwa sababu binti yetu kawa wa kwanza." Sentensi moja, usichanganye na ya kijana, ya kwake mlishamwambia siku yake.

Halafu ile firigisi. Najua nyumbani kwenu ni ya baba, kama nyumba nyingi. Mwekee kwenye sahani yake kama kawaida. Ila asubuhi ya siku hiyo, mkiwa wawili, mwombe aichukue yeye mwenyewe kwa mkono wake amwekee binti. Asiseme lolote kama maneno yanamshinda. Akikataa, ale, usigombane naye mezani. Na kijana apewe paja lake.